Uzi: Mdogo wangu alikaa mahabusu zaidi ya saa 60 bila kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa. Tuongee juu ya kifungu cha 23 cha Katiba ya Uganda

Dada Cherehani (mwenye uzi)

Ndugu zangu, hamjambo. Naandika nikiwa bado na uchungu, mnivumilie nikirefusha.

Mimi ni fundi wa nguo huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, saa tatu usiku, alikuwa amekaa juu ya pikipiki nje ya duka lililofungwa, akimngoja mteja aliyempigia simu. Gari la doria likasimama, wakachukuliwa vijana saba. Maneno aliyoambiwa ni mawili tu, na yalisemwa kwa Kiswahili: "Panda gari."

Jumamosi asubuhi nikapeleka chai na chapati kituoni. Nikauliza kosa lake ni nini. Nikajibiwa, "Rudi Jumatatu, leo mahakama haipo." Jumapili nikarudi, mtu mmoja akanivuta pembeni akaniambia bondi, yaani dhamana ya polisi, ni laki moja na nusu. Nilikuwa na elfu arobaini, nazo ni za vitambaa vya mteja. Nikarudi nyumbani nikalia.

Usiku ule jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, akaja na Katiba yake, imechakaa mpaka jalada limetoka. Akanisomea kifungu cha 23 kwa Kiingereza, kisha akanieleza kwa Kiswahili polepole. Mtu akikamatwa anatakiwa aambiwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, na kwamba ana haki ya wakili anayemtaka mwenyewe. Asipoachiliwa, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile zisipite saa 48 tangu alipokamatwa. Nikamuuliza mwalimu: na wikendi? Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Hakuna neno wikendi pale.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa kaunta, na mwenyekiti wetu wa LC One, baraza la kijiji, pamoja nami. Sikupiga kelele. Nilisema kwa Kiswahili, "Afande, shikamoo. Mdogo wangu aliletwa hapa Ijumaa saa tatu usiku. Leo ni saa ya sitini. Naomba kujua kosa lake, naomba kujua anapelekwa mahakama gani." Yule afande aliangalia kitabu, akaniangalia, akaenda nyuma. Saa kumi jioni mdogo wangu alitoka kwa bondi. Sikulipa hata shilingi.

Sasa jambo linaloniumiza. Alipotoka alinieleza kwamba Jumamosi alitia sahihi maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Aliishia darasa la nne. Anasema Kikakwa na Kiswahili, Kiingereza chake ni cha "good morning". Hajui mpaka leo karatasi ile inasema nini. Polisi walijua Kiswahili cha kumwambia apande gari. Kwa nini hawakukitumia kumwambia kwa nini?

---

Askari Mstaafu

Dada, pole sana. Nimevaa sare miaka 26, nitasema ninayoyajua bila kuficha.

Saa 48 kila polisi anazijua, tunafundishwa. Zinavunjwa namna hii. Operesheni hufanyika Ijumaa usiku, maana ndipo watu wako nje. Anayeandika maelezo yuko peke yake na ana watu saba au ishirini. Faili lazima liende kwa mwanasheria wa serikali alipitishe kabla ya mtu kusomewa mashtaka, na ofisi yake imefungwa Jumamosi. Gari halina mafuta. Hakimu mmoja anahudumia gombolola (kata) kadhaa. Nimewahi kulisukuma gari la kituo kwa mikono nikiwa na mahabusu ndani.

Hayo yote ni kweli na hakuna hata moja linalompa polisi ruhusa. Kama huwezi kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 48, mpe bondi aende kwao, aje kuripoti. Bondi ndiyo kazi yake hiyo. Na bondi ni bure, vituo vingi vina bango ukutani linasema hivyo. Wadhamini walete kitambulisho cha taifa na barua ya LC, basi.

Kuhusu lugha, umenigusa. Katika jeshi la polisi tulikula, tukalala na kuamriana kwa Kiswahili, tangu gwaride la kwanza. Lakini kalamu ikishikwa, inageuka Kiingereza. Utaratibu sahihi ni kuandika maelezo kwa lugha ya mtu mwenyewe, kisha yatafsiriwe, asomewe, akubali, ndipo atie sahihi. Wengi wanaruka hatua tatu ili faili liishe. Na maelezo mabaya yanaweza kumfunga mtu ambaye hakufanya kitu.

---

Babu wa Bombo

Mwanangu, niliposoma hilo neno "panda gari" niliweka simu chini kwanza.

Ninyi vijana mnalisikia kama neno la kawaida. Sisi tuliokuwa Kampala miaka ya mwanzo ya themanini, hilo ni jina la msiba. Askari walizunguka mtaa alfajiri, wakatoa wanaume wote nje, tukachuchumaa. Anakuja mtu amefunikwa uso, anapita mbele yenu, akitikisa kichwa kwako umekwisha. "Panda gari!" Lori limejaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyekuwa upande wangu wa kulia alipanda. Sikumwona tena, na mama yake alikufa bila kujua alizikwa wapi.

Ndiyo maana Waganda wengi wa rika langu wanakichukia Kiswahili. Mimi ni Mnubi, Kiswahili nimekikuta nyumbani pamoja na Kinubi, kwangu ni lugha ya harusi na dua. Lakini nikikisema Luweero, naona mzee mwenzangu anavyokaza bega. Simlaumu. Kiswahili alichokisikia yeye hakikuwahi kumweleza kitu, kilimwamuru tu.

Na kuna jambo jingine mlijue. Mwaka 1972 Jaji Mkuu alikuwa Benedicto Kiwanuka. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alikuwa ameshikwa na wanajeshi, wakili wake akaomba mahakama iamuru waliomshika wamlete na waeleze kwa sheria gani. Kiwanuka akaona hakuna sheria, akaamuru mtu aachiliwe. Septemba 21 wakamfuata Kiwanuka mwenyewe ofisini kwake, Mahakama Kuu, mchana kweupe. Hakurudi. Jaji Mkuu wa nchi!

Basi mkifungua Katiba ya 1995, kifungu cha 44, mtaona mambo manne ambayo hayaguswi kwa hali yoyote ile: mtu asiteswe wala kutendewa kinyama, asifanywe mtumwa, apate haki ya kusikilizwa mahakamani, na haki ileile ya kuletwa mbele ya jaji ielezwe kwa nini ameshikwa. Kwa wengine ni aya ya sheria. Mimi nikiisoma hiyo ya nne namwona Kiwanuka anatolewa ofisini.

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Shikamoo Babu, na asante. Dada Cherehani, pole. Mimi nasaidia watu vituoni na magerezani, si wakili kamili, ila haya nayafanya kila siku.

Kwanza, swali: mdogo wako aliandikiwa kosa gani kwenye bondi?

---

Dada Cherehani

Marahaba ndugu yangu. Imeandikwa "rogue and vagabond". Mwalimu aliniambia maana yake mzururaji na mhuni. Mtu ana pikipiki, ana koti la steji ya bodaboda lenye namba, ana mteja kwenye simu. Mhuni gani?

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kosa hilo lilikuwa katika kifungu cha 168 cha sheria ya makosa ya jinai, sheria tuliyoirithi kwa Waingereza. Kipande kimoja kiliruhusu kumkamata mtu "anayeshukiwa" ambaye haonekani ana riziki na hawezi kujieleza vizuri. Kingine ni mtu aliyekutwa akitembea mahali na wakati ambao polisi anaona si mwema. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivifuta vipande vyote viwili. Havikueleweka: raia hawezi kujua afanye nini ili asivunje sheria, na Katiba, kifungu cha 28, inadai kosa liwe limeelezwa na adhabu yake iandikwe. Pia vinamgeuza mtu kuwa mkosaji kwa sababu ya umaskini wake. Kama alikamatwa chini ya maneno hayo, alikamatwa kwa kosa ambalo mahakama ilishalizika.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Rudi kituoni na bondi, na mwenyekiti wa LC, uombe faili lifungwe. Wakikataa, mwandikie mwanasheria wa serikali wa wilaya, barua fupi tu, taja hukumu hiyo na tarehe ya kukamatwa. Kisha kuna Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Ina ofisi Arua, Gulu, Soroti, Moroto na kwingineko, kulalamika ni bure, na inaweza kuamuru mtu alipwe fidia. Kifungu cha 23 chenyewe kinasema aliyekamatwa kinyume cha sheria ana haki ya fidia. Ila angalia: Tume haishughulikii jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama. Ukienda, nenda kabla.

Si lazima aende mwenyewe kama anaogopa. Kifungu cha 50 kinaruhusu mtu au shirika kulalamika mahakamani kwa ajili ya haki ya mwingine iliyovunjwa.

Alipigwa?

---

Dada Cherehani

Hakupigwa. Mmoja wa wale saba alipigwa kwenye nyayo. Mama yake hataki kusema.

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Mwambie mama huyo polepole, bila kumlazimisha. Aende hospitali aandikiwe, maana alama zinapona na ushahidi unapotea. Tangu 2012 tuna sheria mahsusi dhidi ya mateso. Aliyetesa anashtakiwa yeye binafsi, kifungo mpaka miaka 15, na mateso yakiwa mazito zaidi ni maisha. "Niliamriwa na mkubwa wangu" si utetezi. Na sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inamfanya mtumishi wa umma awajibike mwenyewe, asijifiche nyuma ya serikali.

---

Kijana wa Kisenyi

Samahanini wakubwa, mimi naona tunajidanganya. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia wasihukumiwe kwenye mahakama za kijeshi. Tulishangilia hapa mtaani. Mwezi Mei Bunge likapitisha sheria nyingine ya kurudisha raia huko katika hali fulani fulani, Juni ikasainiwa. Miezi mitano! Mimi nina rafiki ambaye hatujui aliko tangu kipindi cha kampeni. Mnaniambia kifungu cha 23. Kifungu kitamtoa?

---

Babu wa Bombo

Mwanangu, sitakwambia uongo kwamba kifungu kitamtoa. Nilikwambia habari za aliyekuwa upande wangu wa kulia.

Lakini sikiliza. Ile Katiba haikushuka kutoka kwa mtawala. Mwaka 1966 wabunge waliikuta katiba mpya kwenye visanduku vyao vya barua, baada ya kuipitisha, ndiyo maana ikaitwa hivyo, ya visanduku. Hii ya 1995 ilikuwa tofauti. Tume ya Jaji Odoki ilizunguka nchi nzima kuanzia 1989, vijiji vikaandika maoni, zaidi ya maoni elfu ishirini na tano. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wetu wa Bombo. Bibi mmoja alisimama akasema anataka sheria ya kwamba mtu akichukuliwa, ajulishwe ndugu yake. Alisema hilo moja tu akakaa. Leo liko ndani: mahabusu akitaka, ndugu wajulishwe haraka, na ndugu, wakili na daktari wake waruhusiwe kumwona. Sijui kama ni kwa ajili yake. Lakini aliomba, na limeandikwa. Kwa hiyo usiniambie ni karatasi yao. Ni ya bibi yule.

Rafiki yako, ndugu zake wamekwenda Mahakama Kuu kuomba ile amri ya kuletwa?

---

Kijana wa Kisenyi

Hawajaenda, Babu. Wanaogopa. Na hawajui pa kuanzia.

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Kaka, niandikie pembeni, usiweke jina lake hapa. Ombi hilo linaletwa na ndugu au mtu mwingine yeyote, jaji anaamuru anayemshikilia amlete na aeleze. Wakati mwingine wanajibu "hatunaye", na inauma. Lakini ukiomba, jina linaingia kwenye daftari la mahakama, na kuanzia hapo kuna mtu mwenye cheo anayelazimika kulijibu. Tuanze na hilo.

---

Mama Zai, Busia

Jamani nami niulize, japo si la polisi. Mimi nauza mitumba mpakani. Nimeachana na mume miaka minne, ananipiga nikaondoka. Wazee wa ukoo wake wanasema mpaka ng'ombe watano wa mahari warudi ndiyo niwe huru. Baba yangu hana hata kuku. Katiba inasema chochote?

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Mama Zai, inasema. Kifungu cha 31 kinampa mume na mke haki sawa katika ndoa na wakati wa kuivunja, na cha 33 kinakataza mila zinazodhalilisha utu wa mwanamke. Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Kurudisha ndiko kulikokatazwa. Na kama ulikuwa unapigwa, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia wanawake bila malipo, waone.

---

Mama Zai, Busia

Tangu 2015? Miaka yote hii baba yangu amekuwa akikimbia kila akiona mkwe wake sokoni. Hakuna aliyetuambia.

---

Dada Cherehani

Mama Zai, pole mwenzangu. Hakuna aliyetuambia, na hilo ndilo ninalolilia. Hukumu ya 2015 ipo, ya 2022 ipo, zote kwa Kiingereza. Mzee wa ukoo hajaisikia, kijana wa steji hajaisikia, na sina hakika kama afande wa kaunta ameisikia.

Mwalimu amenionyesha kifungu cha 4. Serikali inatakiwa iitafsiri Katiba katika lugha za Uganda na kuisambaza kwa upana, ifundishwe shuleni, itangazwe kwenye redio. Ni amri, imeandikwa mwanzoni kabisa, kabla hata ya kifungu kinachotaja lugha rasmi. Na Kiswahili tangu 2005 kimeandikwa kuwa lugha rasmi ya pili, ila kitumike pale Bunge litakapopanga kwa sheria. Hapo ndipo kimekwama, mlangoni.

Mahakamani angalau kuna mkalimani. Kifungu cha 28 kinasema kama huelewi lugha ya kesi, upewe mkalimani bila kulipa. Lakini mtu anapofika kwa mkalimani, sahihi yake tayari iko chini ya maelezo ya Kiingereza. Haki ya lugha inahitajika kwenye gari, na kaunta, usiku ule wa kwanza.

---

Askari Mstaafu

Hapo umesema kweli tupu. Ushauri wa kutumia leo: mtu akiambiwa atie sahihi asichokielewa, aseme kwa utulivu, "Afande, naomba nisomewe kwa Kiswahili." Polisi karibu wote wanakielewa. Asigombane, asivute karatasi. Wakimlazimisha, akumbuke siku, saa na sura ya aliyekuwepo, amwambie hakimu siku ya kwanza tu, asingoje kesi iende mbali.

Na ninyi ndugu mnaokuja kituoni: ulizeni saa ya kukamatwa iliyoandikwa kitabuni. Nimeona watu wakiandikwa wamekamatwa Jumapili usiku ilhali walilala ndani tangu Ijumaa. Dada alipotaja "Ijumaa saa tatu usiku" mbele ya mwenyekiti wa LC, aliufunga mlango huo.

---

Boda wa Koboko

Swali la haraka. Bado kuna jamaa yetu yuko gerezani rimandi, kesi ya wizi wa kutumia silaha, mwezi wa nane sasa, haijaanza. Hizo saa 48 zinamsaidia?

---

Msaidizi wa Sheria, Gulu

Hizo zilikuwa za polisi, zimeshapita. Yeye aangalie siku 180. Kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, mtu akikaa rimandi siku 180 kabla kesi haijapelekwa huko, anapaswa kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Makosa yanayoweza kusikilizwa pia na mahakama za chini ni siku 60. Zamani zilikuwa 360 na 120, zikapunguzwa 2005. Miezi minane imezidi 180, lakini jambo la kuuliza ni kama faili lilipelekwa Mahakama Kuu kabla ya siku hizo kuisha. Ndugu wamuulize ofisa wa gereza. Na kwa kuwa kosa hilo linaweza kuleta hukumu ya kifo, ana haki ya wakili anayelipwa na serikali. Asikubali kusimama peke yake.

---

Dada Cherehani

Ndugu zangu, nawapa habari za jana.

Nilirudi kituoni na mwenyekiti. Tulikwenda na barua ambayo Msaidizi alinisaidia kuandika, mwalimu akaipiga chapa. Mkubwa wa kituo aliisoma mara mbili. Alisema faili litafungwa, akatuambia tuje Alhamisi kuchukua karatasi. Simu ya mdogo wangu bado hawajairudisha, wanasema aliyeihifadhi yuko likizo. Nitairudia. Yule mama wa kijana aliyepigwa nyayo amekubali twende wote Arua, kwenye ofisi ya Tume, wiki ijayo. Alikuja mwenyewe kwangu jioni, akakaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu kabla hajasema.

Na jambo jingine. Mimi na mwalimu tumeandika kifungu cha 23 kwa Kiswahili chepesi, nusu ukurasa, tukakibandika kwenye kibanda cha steji ya mdogo wangu. Tumeandika hivi:

"Ukikamatwa, uambiwe kwa nini, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya wakili. Ukitaka, ndugu zako wajulishwe na waruhusiwe kukuona. Ukiumwa, upate matibabu. Ndani ya saa 48 ufike mahakamani. Bondi ya polisi ni bure. Usitie sahihi usichokielewa, omba usomewe."

Nililaminisha kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu amesomewa mara moja tu, ameshika yote.

---

Babu wa Bombo

Mwanangu, nitumie picha yake. Nitaiandika kwa Kinubi, nitaiweka msikitini kwetu, karibu na mahali pa kutawadhia, kila mtu anapita pale.

---

Boda wa Koboko

Na sisi Koboko. Steji yetu ina watu sitini na mbili. Wakakwa ni wengi, kuna mzee anayeandika vizuri Kikakwa, nitampelekea leo. Dada, hiyo ya saa 48, tuandike kwa namba au kwa maneno? Wengine hawasomi namba kubwa.

---

Dada Cherehani

Andikeni "siku mbili, mchana na usiku". Wikendi imo.